Chumba cha Baba Yako Sitakilinda

Rehema mwanangu,

Mambo ya sanduku yamekwisha. Nguo umezikunja mwenyewe, blanketi nimelifunga kwa kamba ya katani, na atakayekupokea Tanga unamjua kuliko mimi. Kwa hiyo usitafute humu habari za kula vizuri, kusali na kuchagua marafiki. Hayo nimekuambia tangu hujui kufunga viatu, na kama hayajaingia mpaka leo, kalamu haitayaingiza.

Nakuandikia kwa sababu ya lile uliloniomba Jumapili tukichambua maharage. Uliniomba nikuahidi kwamba chumba cha baba yako hakitaguswa. Kitanda, meza, koti lililoning'inia ukutani, miwani, vitabu, hata kile kikombe chenye chai iliyokaukia chini, vyote vikae kama alivyoviacha, mpaka kamati ya kijiji iweke kibao mlangoni na wanafunzi waanze kuja kuona mahali alipoandikia hadithi zake. Ulisema mimi nitawapokea na kuwaeleza. Ukasema, "Mama, nikijua kiko vilevile, nitaweza kusoma." Mimi nikanyamaza, nikaendelea na maharage. Wewe ukauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo. Sikulaumu. Katika nyumba hii watu wengi wameuchukua ukimya wangu kuwa ndiyo, baba yako akiwa wa kwanza.

Jibu langu ni hapana. Nimelisema mapema ili usisome kurasa zote hizi moyo ukikudunda. Lakini hapana tupu, kutoka kwa mama kwenda kwa binti ambaye baba yake hajamaliza mwaka kaburini, ni ukatili, na sitaki uondoke na ukatili kwenye lori la ushirika juu ya magunia ya vitunguu. Kwa hiyo acha nikueleze. Umekwenda kuaga kwa shangazi yako kule juu, naye hakuachii mpaka ule mara mbili, kwa hiyo nina muda. Nimekaa jikoni, mlango wazi, mwanga wa jioni bado unatosha.

Nilikuja Mbulu kutoka Usangi nikiwa mwalimu mpya, bendera ya uhuru ikiwa bado haijapauka. Nilidhani mimi mtu wa milimani naijua baridi. Nilipolala hapa Tumati siku ya kwanza nilivaa nguo zote nilizokuja nazo na bado nikatetemeka. Baba yako ndiye aliyekuwa mwalimu pekee kijana pale shuleni, Mwiraqw mrefu mwenye masikio makubwa, na alichonivutia si sura, usije ukajidanganya. Ni kwamba alikuwa na jambo la kusema kila alipofungua mdomo. Nchi ilikuwa changa nasi tulikuwa wachanga ndani yake, tukiamini kila kitu kinaweza kuanzishwa Jumatatu.

Siku moja aliona picha katika gazeti la zamani la misheni. Ilikuwa nyumba ya mwandishi mmoja wa Ulaya aliyekufa zamani. Kiti chake kilikuwa kimefungwa kamba, mkono hadi mkono, asije mtu akakikalia. Baba yako alilitazama gazeti lile muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini kwetu hakuna hata kiti kimoja chenye kamba. Mimi nikacheka. Lakini likanikaa kichwani kuliko lilivyomkaa yeye, na likizo zilizofuata tulizimaliza kwa miguu tukitafuta makazi ya watu walioacha maneno.

Tulikwenda tambarare za Hanang kuona kaburi la mtunzi mmoja wa nyimbo, Mbarabaig, aliyekuwa akisifiwa mpaka Katesh. Unajua wenzetu wale mzee wa heshima akifa humjengea kilima cha udongo juu ya kaburi, wakakipandisha kwa miezi huku wakiimba. Nilitegemea kukuta utulivu. Tulikuta mbuzi wamepanda juu, na mwanawe mtunzi ameegemea fimbo pembeni. Baba yako alimwamkia, akamuuliza kwa adabu wanakilindaje kilima kile kisiharibike. Yule bwana akasema hawakilindi, mvua itakishusha taratibu, na nyimbo wanazo. Kisha akaimba moja, ndefu, mbuzi wakiendelea na shughuli zao. Baba yako alisikiliza kama mtu aliyepewa chakula. Mimi nilisema moyoni kwamba watu hawa hawajui kutunza vitu vyao.

Likizo nyingine tukateremka Yaeda Chini, njia ya mawe na miiba, tumtafute Mhadzabe mmoja mzee aliyekuwa bingwa wa kusimulia. Tulipompata tulimwomba atuonyeshe nyumba aliyosimulia ile hadithi yake maarufu. Alitupeleka mpaka kwenye kichaka chenye majivu ya zamani. Walishahama. Akatuuliza kama kwetu mtu akishasimulia hadithi hukatazwa kuondoka. Baba yako alicheka mpaka tukafika Masieda. Mimi miguu ilikuwa imevimba, sikuona cha kuchekesha.

Nakupa habari hizi ili ujue kwamba nilionyeshwa, na zaidi ya mara moja. Sikuona kwa sababu nilikuwa tayari nimechagua nyumba yangu.

Ilikuwa ya Mzee Gwandu. Wewe umemsoma shuleni, basi huna haja ya kuelezwa hadithi zake. Alikuwa karani wa baraza wakati wa Mwingereza, kisha katekista, na alikuwa mtu wa kwanza kuyatia slufay kwenye karatasi kwa Kiswahili, yale maombi marefu ya wazee wa Kiiraqw, mmoja akisema na wengine wakiitikia. Nyumba yake ilikuwa tembe la zamani lililochimbiwa mgongoni mwa mlima juu ya shule yetu, paa la udongo likiota majani. Alipokufa, niliona kamba yangu imepata kiti.

Nilikwenda kwa bwana mmoja kijana wa wilayani aliyeshughulika na mambo ya utamaduni, nikamweleza kwamba kila mwanafunzi wa wilaya anapaswa kuiona nyumba ile. Alifurahi. Baba yako akauliza swali moja tu, kama nimemuuliza mjane. Nikaudhika, lakini nikaenda. Bibi Marsela alikuwa bado kwenye msiba. Nilisimama mlangoni, sikukaa hata kwenye kigoda, nikamweleza haraka kama ninavyowaeleza wanafunzi. Akaniambia, "Ninyi ndio mnaojua, mwalimu." Nikaondoka nikiwa na furaha, nikihesabu kwamba amekubali.

Kisha nikaitengeneza. Hapa ndipo penye kosa ambalo mtu wa Mbulu akilisikia hushika kichwa, na ambalo mimi mtu wa kuja, msomi, sikuliona. Wewe umezaliwa huku, unajua tembe lilivyo. Ng'ombe upande mmoja, watu upande mwingine, moto katikati, na usiku wa Julai kinacholaza watu salama ni pumzi za wale ng'ombe. Mimi niliona kinyesi. Niliwapanga wanafunzi wakazoa samadi yote, wakapiga udongo mweupe ukutani. Ng'ombe niliwahamishia kwa jirani. Moto nikauhamishia nje, kwenye kibanda cha nyasi, moshi usije ukachafua karatasi za Mzee. Kigoda alichokalia akiandika nikakifunga kamba. Blanketi lake nikalikunja vizuri nikalitundika juu yake. Ikawa nyumba safi, nyeupe, yenye harufu ya chokaa, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishi ndani yake, na katikati ya nyumba hiyo nikamwacha mwanamke mzee alale.

Wageni walikuja. Shule za Dongobesh, walimu wa Mbulu mjini, mapadri, hata watu wa mkoani. Walivua kofia. Walimwamkia Bibi Marsela shikamoo kwa heshima zote, kisha wakamtazama juu ya bega kuangalia kigoda. Mimi nilieleza. Nilikuwa na sauti nzuri siku zile, watu walisema. Mgeni mmoja aliwahi kusifu jinsi Mzee alivyoishi katika usafi, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona Bibi Marsela akicheka ndani ya nyumba ile. Nilidhani amefurahi. Aliniambia pia, siku nyingine, kwa ule utani wake mkavu, kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini wageni wangu hawafiki hata ya pili. Nalo nikalicheka bila kulisikia.

Ndipo ikaja Operesheni. Ulikuwa mdogo sana, labda unakumbuka vumbi tu. Watu wote wa mgongoni waliambiwa washuke kijijini kando ya barabara, ambako kungekuwa na bomba, zahanati na duka la ushirika. Wengine walishuka kwa hiari, wengine kwa kulia, na nyumba zilipokuwa tupu mapaa yaliangushwa ili mtu asirudi. Nilisema sana mbele ya watu wakubwa siku zile, na tembe la Mzee Gwandu likaachwa. Mapaa yote ya mgongo ule yalishuka isipokuwa moja. Nilitembea kijijini kama mtu aliyeshinda vita. Baba yako aliniambia nimeokoa nyumba, je, na Bibi? Nikamjibu kwamba Bibi ni mwenye nyumba, atakwenda wapi.

Fikiri sasa, mwanangu, wewe unayekwenda kujifunza kuuguza watu. Mwanamke mzee, peke yake kwenye mgongo mzima wa mlima. Moto ukizimika mvua ikinyesha, hakuna jirani wa kumwomba kaa. Ukungu ukishuka, fisi wanazunguka magofu ya nyumba za wenzake. Wageni wanafika jua likiwa juu na kuondoka kabla halijageuka. Mimi nilikuwa nikipanda Jumamosi na kibaba cha unga, nikifuta vumbi kwenye kigoda kabla sijamuuliza hali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi methali hiyo, na walinijibu maana yake vizuri kabisa.

Mara moja tu alisema wazi. Ilikuwa Jumamosi, nakaribia kuondoka, akanisindikiza mpaka mwisho wa boma, akasimama.

"Mwalimu, wageni wako wote wananiuliza mzee alikuwa anakaa wapi. Hakuna aliyeniuliza mimi nitakaa wapi."

Nilimwelewa, Rehema. Sitaki kukudanganya kwamba sikuelewa. Lakini kulikuwa na ugeni mkubwa wa mkoa unatarajiwa mvua zikiisha, na makumbusho yasiyo na mwenyewe yangeonekana kama gofu. Nikamshika mkono nikamwambia, "Vumilia msimu huu mmoja, Bibi. Wageni wakishapita nitakushusha mwenyewe." Akaitikia kwa kichwa. Nami, kama kawaida yangu, nikahesabu kwamba amekubali.

Mvua za mwaka ule hazikuwa na huruma. Jumamosi mbili sikupanda kwa sababu njia ilikuwa imekatika. Ya tatu baba yako alisema tutakwenda wote. Tulipofika mlango ulikuwa umesindikwa tu. Ndani giza na baridi ya shimoni. Nilichokiona kwanza ni kwamba kamba imefunguliwa na blanketi halipo mahali pake. Na wazo la kwanza lililonijia, mbele ya Mungu, lilikuwa kwamba mtu ameniharibia maonyesho. Nililisema hata kwa mdomo. Nikasema, "Nani amegusa?" Baba yako alikuwa ameshapita upande wa pili, pale walipokuwa wakilala ng'ombe, amepiga magoti. Bibi Marsela alikuwa amejilaza pale, amejifunika blanketi la mumewe, anapumua kwa shida. Nadhani alikuwa akitafuta joto mahali alipozoea kulikuta.

Hakufa. Tulimteremsha kwa machela, vijana wa kijiji wakipokezana kwenye utelezi, na mganga wa zahanati akasema ni kichomi. Alipopata nguvu, binti yake akaja kumchukua akampeleka Masieda. Ugeni wa mkoa ulikuja, ukakuta nyumba imefungwa, ukala mbuzi shuleni ukaondoka. Hakuna aliyenilaumu. Watu walisema mwalimu alimwokoa bibi wa watu. Mpaka leo wapo wanaosema hivyo, na wewe umelelewa ukilisikia.

Baba yako naye hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea. Alikaa na "Nani amegusa?" yangu miaka yote ya ndoa yetu bila kuirudia hata siku moja, hata tulipogombana kwa mambo ambayo mtu yeyote angeichomoa. Ukitaka kujua baba yako alikuwa mtu wa namna gani, ni hapo. Haimo mezani kwake wala kwenye miwani.

Ilipita mvua nyingine ndipo nikapata uso wa kwenda Masieda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilimkuta ndani ya tembe la mkwewe, ng'ombe wanacheua upande wa pili, moshi umejaa mpaka macho yanatiririka. Nilianza, "Bibi, nimekuja kuomba radhi." Akaniambia nile kwanza, na nivue sweta kwa sababu humo ndani kuna joto. Nilikula makande, nikanywa maziwa. Baada ya hapo kila nilipofungua mdomo kurudia maneno yangu, alianza habari nyingine. Na habari alizonipa zilikuwa za mumewe. Kwamba alikuwa akiogopa giza, mzee mzima na elimu yake. Kwamba alikoroma. Kwamba alikuwa hawezi kuandika hata mstari mpaka yeye akae karibu, akishona shanga kwenye ngozi, na akiinuka kwenda kukamua, kalamu inasimama. Kwamba slufay la mvua alilolipata Mzee kwa mzee fulani wa Masieda alilisahau nusu, na nusu ile alijaziwa na mkewe. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kuwaeleza wageni mambo haya mazuri. Akasema hawakuuliza.

Alikaa Masieda miaka mingi na akafia huko, wajukuu wamemzunguka. Tembe la mgongoni lilianguka lenyewe. Ukipita njia ya kwenda kuokota kuni unaliona, ni nundu tu yenye majani, na watoto huteleza juu yake. Hadithi za Mzee Gwandu bado zinasomwa darasa la nne. Nimezifundisha mimi mwenyewe mpaka sauti ikakauka.

Sasa turudi nyumbani kwetu.

Baba yako alianza kuandika kwa bidii baada ya mambo hayo, unakumbuka, alipokuwa akituma hadithi zake zikasomwa redioni na watu wakija kusikiliza pale dukani. Aliandikia katika kile chumba kwa sababu kimepakana na jiko na ukuta wake una joto. Alikuwa akinisomea kwanza. Mimi nilikuwa nikimwambia mwanzo ni mrefu, ananuna, anakwenda kutembea, anarudi na kuukata. Hadithi mbili zinazopendwa zaidi ni za bibi yangu wa Usangi, nilimsimulia mimi huku nikipika. Sidai kitu. Nakueleza tu kwa sababu mtakapoweka kibao, kibao hakitasema hivyo.

Alipokufa, wewe ulikifunga chumba kile siku ya tatu. Ulikuwa ukilia sana, nami sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikahamia stoo. Nimelala stoo miezi yote hii, kati ya magunia ya mahindi na ukuta wa kaskazini ambao maji huchuruzika. Na ninakohoa. Umeniletea dawa ya kifua kutoka zahanati mara nyingi sana, umenipimia mwenyewe na kijiko, mkono wako mwepesi, nikasema moyoni huyu atakuwa muuguzi kweli. Lakini hujaniuliza ninakohoa kwa sababu gani. Sikukasirikii. Mimi nilimpelekea Bibi Marsela unga kila Jumamosi.

Wageni nao wameshaanza, hata kabla ya kibao. Wiki iliyopita walikuja walimu wawili wa Haydom. Wakaniamkia vizuri sana, shikamoo mama, pole mama, na macho yao yakapita juu ya bega langu kwenda kwenye mlango wa chumba. Nimechoka, Rehema. Nimefundisha, nimepika, nimezaa, nimezika watoto wawili kabla yako, nimeshuka na kupanda na siasa zote za nchi hii, nimelima shamba la kijiji kwa zamu mpaka mgongo ukapinda. Sina nguvu iliyobaki ya kuwa mjane wa Mwalimu kwa watu wanaopita. Nampenda baba yako. Namkumbuka nikigeuka usiku, namkumbuka chumvi ikizidi. Kumkumbuka hakunichoshi. Kumlinda ndiko kutakakoniua.

Leo asubuhi, ulipokuwa mtoni kufua, nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati nikamwambia. Hakupendezwa. Akasema, "Mama Rehema, hii ni heshima ya kijiji kizima." Nikamwambia heshima hiyo aipeleke shuleni, na kibao wakipigilie ukutani kwa darasa la nne, mimi nitakuja kupiga makofi. Akaniuliza wewe unasemaje. Nikamwambia nitakuandikia. Kwa hiyo hata ukirarua barua hii, jambo limekwisha, na lawama ni yangu peke yangu.

Nitakachofanya ni hiki. Vitabu vitakwenda shuleni, watoto wavichafue kwa vidole. Kalamu yake na miwani nimekufungia kwenye kitenge cha kijani, utavikuta kati ya nguo zako, ni vyako. Meza nitaisogeza jikoni, yangu ina mguu mbovu tangu umezaliwa. Koti nitalivaa mimi, maana Julai ya Mbulu haina heshima kwa marehemu. Kikombe nitakiosha. Najua hapo kwenye kikombe utalia, nami nililia, nilikaa na kitambaa mkononi nikashindwa, ndiyo maana kingali pale. Nitajaribu tena.

Utanichukia kidogo. Labda mpaka Babati, labda mpaka Arusha, labda muhula mzima. Chukia, mwanangu, ila andika. Ukifika huko chuoni na wakakupa mgonjwa mzee asiyesema kitu, mwenye kuitikia kila unachomwambia kwa kichwa, kaa kwenye kigoda kabla hujamuuliza. Sikufundishi kazi, hiyo utafundishwa na wenyewe. Nakupa tu kitu kimoja nilichokinunua kwa bei ya mtu mwingine.

Naisikia sauti yako njiani, unaagana na mtu. Nitaitia barua hii mfukoni mwa sweta lako, uisome mkishavuka Magara, si kabla, maana nakujua, ungeshuka kwenye lori.

Likizo ukirudi utakuta kitanda cha baba yako kimetandikwa shuka langu, na mimi nimelala ndani yake. Hakuna chumba kingine chenye joto katika nyumba hii, kwa hiyo nawe utalala humo. Utalala upande wa ukutani, kama ulivyolala ulipougua surua, baba yako akahamia chini kwenye mkeka ili tupate nafasi. Mimi nitalala upande wa mlango. Utanisimulia ya Tanga, nami nitakusimulia ya baba yako, yote utakayouliza, mpaka mmoja wetu asinzie.

Ni mimi mama yako, niliye hai, ninayeishi humu.